Chunjua za mitamba: angalia kamba kabla ya wembe

Swali limetoka kwa mama mfugaji wa Mushaki, kwenye vilima vya Masisi. Nimelifupisha kidogo:

"Docta, jambo. Nina mitamba saba. Mmoja wa miezi 14 alianza kuota vitu kama shufleri (koliflawa) shingoni na karibu na jicho. Sasa wenye ugonjwa ni wanne. Jioni nawafunga wote kwenye mti mmoja nyuma ya nyumba, maana usiku si salama. Jirani anasema nizikate zote kwa wembe nipake maji ya betri. Anayetutengenezea fromaji ameanza kusita kuchukua maziwa ya ng'ombe wangu wakubwa, anasema watu wataota chunjua. Na kijana wangu anayesoma biolojia Goma anauliza: kirusi kisichoonekana kinawezaje kuotesha nyama kubwa kama ngumi? Tufanye nini?"

Jambo Mama. Kwanza wembe urudi ndani, na maji ya betri yabaki kwenye betri. Asidi ile haijui tofauti ya chunjua na jicho, na mtamba wako wa kwanza anazo karibu na jicho. Nitafika kwenye suala la kuzitoa, lakini baadaye. Fromaji nayo usiwe na wasiwasi nayo. Ila kuna jambo ulilitaja kama kitu cha kupita tu, nami nimelisoma mara tatu: unawafunga wote kwenye mti mmoja. Karibu jibu langu lote liko hapo, na kijana wako akinivumilia nitaeleza sababu yake kuanzia ndani ya ngozi.

Tuhakikishe tu kwamba tunaongelea ugonjwa uleule. Kitu chenye shina au chenye kitako, cha kijivu, kigumu ukikiminya, juu kimepasukapasuka kama shufleri, na mnyama anakula vizuri, hana homa: hiyo ni chunjua. Ugonjwa wa mapele ya ngozi, ule wa kirusi cha jamii ya ndui, unaingia kwa kishindo. Mnyama anapata homa, macho na pua vinatiririka, tezi za mbele ya bega zinavimba, kisha kwa siku chache vinundu vya mviringo vinajaa mwili mzima, vimezama ndani ya ngozi. Ukiona huo usiningoje mimi, ita veterineri wa karibu siku hiyohiyo. Na lile baka la mviringo lenye ukoko kama unga wa kijivu kuzunguka macho ya ndama ni ukungu wa ngozi. Hilo ndilo linalomhamia mtu kweli, kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani anajikuna baka la aina hiyo, usiisingizie chunjua.

Sasa kirusi chenyewe. Kinaitwa papilomavirusi ya ng'ombe, na ni ukoo mzima: aina zaidi ya ishirini zimeshatambuliwa kwa kusoma ADN (DNA) zao, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila kirusi. Aina ya 1 hupenda chuchu na uume wa madume, aina ya 2 hukaa kichwani, shingoni na mabegani, aina ya 5 huota kwenye chuchu kama punje za mchele, aina ya 4 huingia kinywani na kwenye umio. Kwa maelezo yako naweka dau kwenye aina ya 2, lakini kwa matunzo hilo halibadilishi mengi.

Ni kidogo kiasi gani? Upana wake ni kama nanomita 55. Ukivipanga 18,000 kwa mstari, vinajaza milimita moja. Ndani ya ganda kuna pete moja ya ADN yenye herufi zipatazo 7,900, wakati ng'ombe mwenyewe anabeba karibu bilioni 2.7. Pete ya aina ya 1 ilisomwa yote, herufi kwa herufi, mwaka 1982. Jeni zake unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono na vidole vikabaki. Zile zinazofanya kazi mapema zimepewa herufi E, zile za mwishoni herufi L, kila moja ina namba yake, na protini inayotokana na jeni inabeba jina hilohilo.

Kwa mzigo mdogo hivyo, kirusi hiki hakina hata chombo cha kunakili ADN yake. Kinaazima cha seli. Hapo ndipo taabu yake inapoanzia, na ndipo jibu la kijana wako lilipo.

Ngozi ya ng'ombe, kama yako na yangu, imejengwa kwa tabaka. Chini kabisa, juu ya utando mwembamba, kuna safu moja ya seli zinazogawanyika. Zinazozaliwa zinasukumwa kwenda juu, na zikishaondoka safu ya chini zinaacha kugawanyika. Kazi yao inabaki kujaza keratini, ile protini ngumu ya kucha, kukauka, kufa na kudondoka kama magamba. Vyombo vya kunakili ADN hufanya kazi kwenye seli inayogawanyika tu. Kwenye seli inayopanda juu vimeshafungwa.

Kirusi kinahitaji vyote viwili. Kinahitaji safu ya chini kwa sababu ndiyo haifi, hapo kinaweza kukaa miezi. Kinahitaji pia tabaka la juu, kwa sababu hapo ndipo kinapotengeneza maelfu ya nakala bila kinga ya mwili kushtuka. Sasa fikiria mgeni anayefika usiku jiko limeshazimwa na makala imekuwa majivu. Mgeni huyu hasemi asante na kulala na njaa. Anawasha jiko upya. Protini E6 na E7 ndiyo kazi yao: zinaondoa breki za seli, na seli iliyopaswa kunyamaza inafungua tena vyombo vyake vya kunakili. Kirusi kinapika chakula chake. Lakini jiko likiwaka, na seli nazo zinaendelea kuongezeka, tabaka linanenepa na kujikunja, na ndiyo ile shufleri unayoiona. Kwa hiyo, kijana wangu, kirusi hakina haja na ngumi ya nyama. Nyama ile ni moshi wa jiko.

Kuingia kwake kunastahili maneno machache zaidi, maana ndipo unapoweza kukizuia. Ngozi nzima hakiwezi kuipita. Kinangoja mchubuko, hata ule usioonekana kwa macho, uliofika hadi kwenye ule utando wa chini. Kinajibandika hapo kwenye sukari ndefu zinazofunika utando, kimeng'enya cha mnyama mwenyewe kinakata kipande cha protini L2 ya ganda la kirusi, kisha seli inakimeza. Safari ya kwenda kwenye kiini huchukua saa nyingi, na ikifika mlangoni inakwama: ADN ya kirusi haina njia ya kupenya ukuta wa kiini. Inakaa kungoja siku seli itakapogawanyika, maana siku hiyo ukuta unavunjwa kwa muda na kila kilichokuwa nje kinaweza kuingia. Sasa seli zipi zinagawanyika kwa kasi kuliko zote? Za kidonda kinachopona. Mchubuko unafungua mlango, na kupona kwa mchubuko kunamkaribisha mgeni sebuleni.

Kikishaingia, protini E1 inafungua nyuzi mbili za ADN ili zinakiliwe, na E2 inaiongoza kwenye sehemu ya kuanzia. E2 ina kazi nyingine ambayo mimi binafsi huipenda. Seli ikigawanyika, pete ndogo za ADN zinazoelea zingeweza kuachwa nje ya viini vipya na kupotea. E2 inashika pete kwa upande mmoja na kwa upande mwingine inashika protini ya ng'ombe iitwayo Brd4, iliyokaa juu ya kromosomu. Kromosomu zikivutwa kwenda kwenye seli mpya, pete zinakwenda nazo, kama kijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, aliyeshika nyuma ya lori kwenye mpando. Hakuna anayeachwa nyuma, na hiyo ndiyo sababu kirusi kinakaa kwenye ngozi miezi mingi.

Tabaka la juu kabisa ndipo jeni za L zinapoamka. L1 inajikusanya tano tano, mafungu 72, jumla 360, na kutengeneza ganda. L2 inakaa kwa ndani. Kirusi kipya hakipasui seli wala hakiingii kwenye damu. Kinabaki ndani ya gamba lililokufa, na gamba linadondoka. Ukimsugua mtamba wako shingoni ukaona unga kwenye kiganja, kirusi kimepakiwa humo tayari kwa safari.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini kinga ya mwili inachelewa hivyo. Hakuna seli iliyopasuka, hakuna uvimbe wa moto, hakuna damu iliyochafuka. Askari wamekaa ndani ya mwili, na mwizi anafanya kazi juu ya paa.

Bado sijaeleza kwa nini chunjua ya shingo ni ngumu hivyo. Nikiwa mwanafunzi kwenye kitivo cha mifugo Lubumbashi, mwalimu alitupatia chunjua ya ukubwa wa yai, imelala kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, akasema tuikate katikati. Nilitegemea kukuta ngozi nene tu. Kisu kilipita juu kwa urahisi, karakara, kama kukata kucha. Kisha kikagoma. Katikati kulikuwa na nyama nyeupe inayong'aa, nyuzi zimesukana kama kamba ya mkonge, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya yai lote. Ngozi ilikuwa kofia tu.

Nyama ile nyeupe ni kazi ya protini E5, na aina ya 1 na ya 2 ndizo mabingwa wake. E5 ni ndogo ajabu: asidi amino 44 tu, wakati protini nyingi za mwili zina mamia. Ni kipande kifupi kinachopenda mafuta, kinazama ndani ya utando wa seli na kukaa humo. Seli za tishu zinazoshikilia ngozi kwa chini zina kipokezi kinachongoja amri ya kukua, amri ambayo kwa kawaida inatoka nje, kwa mfano kutoka kwenye chembe sahani za damu panapokuwa na jeraha. Amri ikifika, vipokezi viwili vinashikana, vinawashana, na seli inagawanyika. E5 haisubiri amri yoyote. Inavishika vipokezi viwili kwa sehemu iliyozama ukutani na kuviunganisha yenyewe. Watu wa Goma hawahitaji maelezo marefu hapa: ni yule anayejiunganishia umeme ndani ya ukuta bila kupitia mita. Taa zinawaka usiku kucha na hakuna aliyebonyeza kitu. Seli hizo za chini hazitengenezi kirusi hata kimoja. Zinabeba ADN yake tu na kukua. Na E5 hiyohiyo inazuia zile alama ambazo seli huzitoa nje kuonyesha kinga kwamba ndani kuna mgeni. Hivyo inakuza na inaficha kwa wakati mmoja.

Nisimwache kijana bila kumwambia kwamba somo hili la ng'ombe limewatibu watu. Kabla ya papilomavirusi za binadamu kusomeka vizuri maabarani, aina ya 1 ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa mwalimu, kwa sababu inageuza seli za panya kwenye sahani na mtu anaweza kuzihesabu. Mwaka 1992 kundi la watafiti Douglas Lowy na John Schiller huko Marekani lilionyesha kwamba L1, ya ng'ombe huyu na ya binadamu pia, ikitengenezwa peke yake bila ADN yoyote, inajikusanya yenyewe kuwa ganda tupu, na ganda hilo tupu linaamsha kinga kali. Chanjo ya kwanza ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi iliidhinishwa mwaka 2006, na imejengwa juu ya jambo hilo. Chunjua za ndama zina heshima yake, Mama, hata kama hazipendezi shingoni.

Turudi kwenye mti wako. Mitamba saba wamefungwa pamoja, kamba zinazungushwa kwenye gome lilelile kila jioni. Mwenye chunjua anajisugua, magamba yanabaki kwenye gome na kwenye nyuzi za kamba. Kamba hiyo kesho anavishwa mwingine, inamchuna nyuma ya sikio na chini ya taya. Mchubuko na kirusi vinaletwa na kitu kimoja kwa mpigo mmoja. Ungetaka kuwaambukiza kwa makusudi usingepata njia nzuri zaidi. Wala sikulaumu, najua kwa nini ng'ombe wanalala karibu na nyumba.

Mimi mwenyewe nilifanya vibaya zaidi. Mwanzoni mwa kazi niliwavisha ndama hereni za namba kwenye ferme moja, zaidi ya ishirini kwa asubuhi moja, kwa koleo lilelile. Kati ya ndama na ndama nililifuta kwa pamba yenye alkoli na kujiona msafi sana. Miezi mitatu baadaye mwenye ferme aliniita. Hakusema kitu, alishika tu sikio la ndama mmoja na kuligeuza nionane nalo. Chunjua zilikuwa zimezunguka tundu la hereni kama shanga. Akashika la pili, la tatu. Ndama hao niliwaambukiza mimi. Alkoli inaua virusi vyenye koti la mafuta kwa kuyeyusha koti hilo. Papilomavirusi haina koti, ina ganda la protini kavu na gumu, na pamba yangu ilikuwa inakigawa tu kirusi sawasawa.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ndiyo hii. Kamba zote za zamani choma. Kila mtamba apate kamba yake, na uipake rangi au uifunge kitambaa ili mchungaji asichanganye. Wenye chunjua walale upande mmoja, wazima upande mwingine, pawe na umbali ambao shingo hazifikiani. Kama miti ni michache, wazima wabaki na mti mpya na wagonjwa wabaki na ule wa zamani. Kisu, koleo na kila chuma kioshwe kwa sabuni na burashi hadi uchafu utoke, kisha kilowekwe kwenye Javel isiyozimuliwa sana, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, nusu saa, halafu suuza maana inakula chuma. Uchafu usipotoka kwanza, Javel inamalizikia juu yake. Sindano ni moja kwa mnyama mmoja, bila mjadala. Na unapokamua, mwenye chunjua kwenye chuchu akamuliwe wa mwisho.

Wale watatu ambao bado, usishangae mmoja akiota hata baada ya kubadilisha kila kitu. Kutoka kuambukizwa hadi chunjua kuonekana ni kama mwezi mmoja hadi minne, na huenda tayari anayo chini ya ngozi.

Wanne wenye nazo, wengi wao watapona wenyewe. Najua hilo ndilo jibu ambalo mfugaji hapendi kulipia. Siku moja kinga inagundua kinachoendelea juu ya paa, seli za kinga zinaingia kwa wingi, chunjua inakauka, inakuwa nyeusi kidogo, inadondoka, na mara nyingi zote zinaondoka kwa pamoja. Kwa wengi ni ndani ya mwaka, kwa wengine miezi michache tu. Baada ya hapo ng'ombe ana kinga ya aina hiyo, na ndiyo maana wakubwa wako, ambao nadhani walipitia haya utotoni, wanalala na wagonjwa bila kuota kitu.

Kupona huku kwa wenyewe kumetajirisha watu wengi sokoni Birere, pale Goma. Mtu anakuuzia ivermectini, au mzizi, au sindano ya levamisoli, unaichoma mwezi wa tano, mwezi wa sita chunjua zinadondoka, na yule mtu anapata jina. Angechoma maji angepata jina hilohilo. Ivermectini ni dawa nzuri ya minyoo na upele. Ukiwachoma kwa minyoo sawa, ila usiuze mbuzi kwa ajili ya chunjua.

Kuna pia chanjo ya chunjua zake mwenyewe: veterineri anachukua kipande, anakisaga, anakiua kwa formalini na kukichoma chini ya ngozi. Kuzuia inazuia, kwa aina ileile iliyotumika na siyo nyingine, kwa sababu kinga inakumbuka uso wa L1 na uso huo unatofautiana kati ya aina na aina. Kwa aliyekwisha kuota, msaada wake ni wa mashaka. Ningeifikiria kwenye ferme yenye ndama hamsini wanaoota kila mwaka. Kwa mitamba saba, nunua kamba. Na usijaribu kuitengeneza jikoni, formalini ikikosewa kipimo unachoma kirusi hai.

Kuzitoa: nasema ndiyo kwa ile inayozuia jicho, ile inayovuja damu kila ikiguswa, ile ya chuchu inayozuia kukamua, na ile iliyoanza kuvuta nzi. Ngoja hadi iache kukua. Chunjua changa ikikatwa inarudi, mara nyingine na nguvu zaidi, na sasa unajua kwa nini: umetengeneza jeraha jipya katikati ya kirusi, na seli zinagawanyika kwa kasi kulifunika. Yenye shina jembamba inaweza kufungwa uzi mgumu kwenye shina, ukakazwa, ikanyauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Yenye kitako kipana ni kazi ya veterineri na dawa ya ganzi. Kilichotoka kichomwe moto, kisitupwe mahali wanapojikunia.

Maziwa. Mwambie fundi wa fromaji kwamba papilomavirusi zimejifunga kila moja kwa mnyama wake. Aina ya 1 na ya 2 huvuka kwenda kwa farasi na punda na kuwaotesha uvimbe mbaya wa ngozi, hilo ni kweli. Kwa mtu hazioti. Akikuambia kwamba wachinjaji wana chunjua nyingi mikononi, hajakosea. Lakini zilipochunguzwa, nyingi zilikuwa na papilomavirusi ya binadamu, aina ya 7 hasa, inayopenda mikono iliyoloa na kuchubuka kila siku. Nyama ya ng'ombe haikuzileta. Maziwa yachemshwe, kwa sababu ya brusela na kifua kikuu, na hayo fundi wako angepaswa kuyaogopa kabla ya chunjua.

Kitu kimoja hujakiuliza, nami siwezi kukiacha kwa mtu wa Masisi. Kwenye malisho yaliyotokana na msitu kukatwa na kuchomwa, kuna lile gugu la majani kama manyoya ya ndege, jamii ya kangaga, wataalamu wanaliita Pteridium. Lina sumu ya taratibu inayoharibu ADN na kudhoofisha kinga. Huko magharibi mwa Scotland, veterineri William Jarrett wa Glasgow alikuta ng'ombe wenye saratani ya umio na tumbo, na mwaka 1978 alionyesha uhusiano wa vitu viwili vinavyoshirikiana: chunjua za aina ya 4 na gugu hilo. Kirusi peke yake kingeshindwa na kinga. Gugu linaifunga kinga mikono na wakati huohuo linavunja jeni za seli ambayo E7 imeshaiondolea breki. Kwenye kibofu, mshirika wa gugu hilo ni aina ya 2.

Kwa hiyo ng'ombe mkubwa akikojoa damu, usikimbilie kusema ni kupe. Chukua mkojo kwenye chupa inayoonyesha ndani, uache usiku mzima bila kutikisa. Asubuhi ukikuta wekundu umetulia chini na maji ya juu yamesafika, hizo ni chembe nzima za damu zilizovuja kibofuni, na malisho yako yanahitaji kuangaliwa. Ukikuta chupa nzima bado ni nyekundu kama chai ya rangi, na mnyama ana homa, hapo ndipo kupe wanahusika. Mtamba wa miezi 14 hayuko kwenye hatari hiyo leo, ila gugu ling'olewe angali mdogo, hasa machipukizi ya mwanzo wa mvua ambayo ng'ombe mwenye njaa anayala.

Yule wa jichoni nitumie picha yake. Ipigwe mchana, kwenye kivuli, na uweke kiberiti kando ya chunjua nione ukubwa wake. Halafu nyingine ya pili baada ya wiki tatu, kiberiti hichohicho.